Nitazame Ninaposema Nawe

Happy aliponipigia simu kuniambia mama yake amefariki, nilimpa pole, nikakata simu, nikamalizia kupiga pasi gauni la mteja. Lilikuwa gauni la harusi lenye marinda mengi, na mwenye harusi hakuwa na habari ya msiba wa mtu. Baadaye nilikaa nikamfikiria Mama Mkubwa Eliwaza, nikajipima kama nina huzuni, nikakuta sina. Watu husema marehemu hasemwi. Mimi naona inategemea marehemu mwenyewe alisema nini alipokuwa na mdomo. Nilikwenda Wazo, nyumbani kwa marehemu, kwa sababu Happy ni mwanamke mwema ambaye hakuchagua tumbo la kuzaliwa, na kwa sababu kwetu sisi watu wa bara asiyeonekana msibani hutafutwa kama mhalifu. Nikavaa kitenge cheusi, nikafunga kilemba, nikaketi mkekani pamoja na kina mama waliokuwa wakisimulia jinsi marehemu alivyolea watoto wa watu. Mtoto wa watu mmojawapo nilikuwa mimi. Nikanywa chai yao.

Habari za ukoo nitazikata. Mama yangu alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, bibi akanilea Upareni, nikamaliza kidato cha nne bila kung'ara. Bibi ndiye aliyenipandisha basi la Dar na agizo moja tu: "Cherehani ya mama yako iko kwa mama yako mkubwa. Kakae naye ujifunze ushonaji, kisha akupe mashine yako ujitegemee." Cherehani hiyo sikuwahi kuiona. Mama naye sikuwahi kumwona, kwa maana ya kumkumbuka. Yeye na mashine yake nilivikuta pamoja kwenye picha moja iliyotundikwa sebuleni kwa Mama Mkubwa, na mwaka ninaotaka kuusimulia ni mwaka wa picha ile.

Kwanza niieleze nyumba. Ilikuwa upande ambao upepo ukigeuka unaleta vumbi la kiwanda cha saruji, na upepo uligeuka kila siku. Majani ya mpapai yalikuwa na rangi ya kijivu, kamba ya kuanikia nguo ilikuwa ya kijivu, na ukiacha sahani mezani bila kuifunika unakula saruji. Sebule ilikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, kabati la vioo lenye vikombe ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvinywea, na redio iliyovikwa kitambaa chake. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kufuta vumbi la sebule hiyo. Ya pili kuchota maji. Ya tatu kupika. Na ya nne, kama jua bado lipo, kwenda kwa fundi wa mtaani kujifunza kukata nguo. Kwa kawaida jua halikuwepo. Nilikula jikoni, juu ya kigoda, makande ya jana au ugali na dagaa, huku wenyewe, Mama Mkubwa na bintiye Happy, wakila mezani. Mlango wa jikoni ulitazamana na ukuta wa sebule, kwa hiyo nilipokuwa nikitafuna nilikuwa naiona picha. Hilo sikunyimwa, maana hawakujua kwamba ni kitu cha kunyima.

Mama Mkubwa alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na hata nyumbani hakuivua kazi hiyo. Alikuwa na njia yake moja ya kumhoji mtoto: anamshika kidevu kwa vidole viwili, anakiinua, anasema, "Nitazame ninaposema nawe." Aliamini mtoto mkweli hutazama machoni na mwongo hutazama pembeni, na kwa imani hiyo alikuwa amechapa watoto wengi wa Tanzania. Balaa ni kwamba bibi alinifundisha kinyume chake. Kwa bibi, kumkodolea mkubwa macho ni ujeuri. Shikamoo hutolewa macho yakiwa chini, na unapoulizwa unajibu ukitazama kando kwa adabu. Siku niliyofika niliteremsha begi, nikapiga goti, nikasema shikamoo nikitazama sakafu. "Marahaba," akasema. "Umeficha nini huko chini?" Nilidhani ananitania, nikatabasamu. Akanishika kidevu. Kuanzia siku hiyo nilikuwa mkosaji kwa kila upande: nikimtazama ni jeuri, nisipomtazama ni mwongo, na kosa lenyewe likachaguliwa kulingana na alivyoamka.

Picha ilipigwa kwenye baraza ya nyumba yetu ya Upareni. Juu kushoto palikuwa na dirisha lenye pazia la maua, limevutwa nusu. Chini ya dirisha kulikuwa na mkebe uliopandwa ua. Chini kabisa, pembeni, kuku alikuwa akitoka kwenye picha, kwa hiyo alionekana nusu ya nyuma tu. Mbele, juu ya udongo, kivuli cha mpiga picha kimelala na viwiko vyake vimetanuka. Mama alikuwa ameketi nyuma ya cherehani, gauni la vitone, mkono mmoja juu ya gurudumu. Ilikuwa mashine ya miguu, na meza yake ilikuwa na droo mbili upande wa kulia. Droo ya juu ilikuwa na kishikio cha chuma kama kawaida. Ya chini kishikio chake kiling'oka zamani, na mtu, labda baba, alipigilia msumari kile kimti cha duara ambacho uzi huzungushiwa, kitupu, kikawa ndicho kishikio. Niliyajua hayo yote kwa sababu ya vumbi. Kila asubuhi nilipanda kwenye stuli nikafuta kioo, nikianzia kwake yeye, nikishuka kwenye mashine, nikimalizia kwa kuku. Ilikuwa ndiyo picha pekee ya mama katika dunia nzima, na hakuna aliyenisemesha nilipokuwa nayo.

Siku moja nilikuwa nyuma ya nyumba nasugua sufuria kwa mchanga, na Mama Mkubwa alikuwa jikoni na mwalimu mwenzake, wanamenya machungwa. Dirisha la jikoni halikuwa na kioo, lina wavu tu. Mwenzake aliuliza, "Sasa huyu binti wako akishajua kushona utafanyaje?" Mama Mkubwa akajibu, "Atashonea nini? Ile mashine nikimpa leo, kesho kaondoka. Nani atanifulia? Msichana wa kazi siku hizi anataka mshahara, anataka likizo, anataka na redio." Wakacheka. Mwenzake akasema, "Lakini si ya mama yake?" Nilisikia ganda la chungwa likianguka kwenye beseni. "Mama yake hayupo," alisema Mama Mkubwa. "Asiyekuwepo na lake halipo." Ni methali nzuri, wazee walioitunga sidhani kama walikuwa na mawazo ya kuwarithi ndugu zao. Nilisugua sufuria ile hadi ikatoboka, na nikatukanwa kwa kuitoboa.

Ndipo nilipofanya jambo ambalo yatima hafanyi: niliomba changu. Niliingia sebuleni mchana, nikapiga goti, nikasema, "Mama Mkubwa, bibi aliniambia cherehani ya mama ipo. Naiomba, nianze kujitafutia." Alikuwa anasahihisha madaftari. Hakuinua kichwa. "Mashine ya mama yako iliuzwa alipokuwa hospitali," akasema. "Iliyoko stoo nimenunua mwenyewe, Kariakoo, kwa jasho langu. Yatima hadeki, mwanangu. Nenda kaangalie mboga." Sikwenda kuangalia mboga. Nilitazama ukutani, kwenye picha, kwenye droo ya chini. Stoo ilikuwa na kufuli, ufunguo anaufunga kwenye upindo wa khanga, na kilichomo kilivikwa gunia. Sikuwahi kukiona hata kidogo. Lakini yeye alifuata macho yangu hadi ukutani, na nadhani hapo ndipo alipoelewa. Kesho yake nilipoingia na kitambaa cha vumbi, picha haikuwepo. Paliachwa mraba mweupe, safi, na kuzunguka mraba huo ukuta wote ulikuwa na rangi ya saruji.

Nilimtumia bibi ujumbe kwa mtu aliyekuwa akipanda basi Ubungo. Bibi akampelekea moto mwanawe wa kiume, Mjomba Elisante, ambaye alikuwa karani katika ofisi moja hukohuko Ubungo, mzee wa kanisa, mtu wa kukunja upindo wa suruali hata pasipo na tope. Alikuja Jumapili mchana kuamua. Hakuja peke yake. Alimleta Bwana Abbas, Mhindi aliyekuwa na duka la vipuri vya vyerehani, maana mashine alikuwa anazijua tangu babu yake. Familia yake ilikuwa ya Mashia, na kwa kuwa ulikuwa Muharram, mwezi wao wa kuomboleza, alikuja amevaa nyeusi tupu, amefunga duka, na ilionekana anataka jambo hili liishe arudi kwenye mambo yake. Nilipika pilau. Walikula wakasifu, na sifa zote alizipokea Mama Mkubwa.

Baada ya kunawa, Bwana Abbas alisema, "Mie dukani kwangu nina sheria moja. Fundi akija anasema amepoteza kifaa, na mie nimekiokota, simwonyeshi. Namwambia, kwanza sema kikoje. Akipatia, chukua, nenda na Mungu. Akikosea, kwaheri. Tufanye hivyo hapa, hakuna haja ya kugombana. Mashine ibaki stoo. Binti aseme ya mama yake ilikuwaje kwenye hiyo picha mnayosema haipo tena, halafu ndiyo tutoe tuone."

"Sawa kabisa," alisema Mjomba Elisante. "Dada, unaafiki?"

"Mie naogopa nini?" alisema Mama Mkubwa. "Aseme. Hajawahi kuiona."

Ilikuwa sheria ya haki. Nalisema hilo mapema, kwa sababu nimemchukia Bwana Abbas miaka mingi na ningependa ajue kwamba sikumchukia kwa sheria yake. Nilisimama katikati ya sebule, mikono nyuma, mbele yangu ukuta, na kwenye ukuta ule mraba mweupe. Nilipoutazama picha ilirudi yenyewe, kila kitu mahali pake. Nikaanza juu kushoto. "Kuna dirisha," nikasema. "Pazia la maua, limevutwa nusu. Chini yake mkebe wa ua. Huku chini kuna kuku, anaonekana nyuma tu." Mkono ulichomoka mgongoni wenyewe ukaonyesha kuku ukutani. Bwana Abbas aliinama mbele. Mjomba Elisante aliacha kuchokonoa meno. "Hapa mbele kuna kivuli cha mpiga picha. Halafu mashine..." Macho yangu yalikuwa yanahama kutoka kwenye kivuli, yanakwenda kulia, chini, kule kwenye droo.

"Anasoma ukutani!" alisema Mama Mkubwa. "Elisante, unaona? Nani kaandika huko? Tazama macho yanavyozunguka, yanatafuta uongo."

"Mwache amalize, dada."

"Nimwache? Mie nimefundisha watoto tangu wewe unavaa kaptula. Mwenye kweli hapepesi macho." Akasimama. Alikuwa mwanamke mrefu, na alipokuja akasimama kati yangu na ukuta sikuuona ukuta tena. Vidole viwili vikaja chini ya kidevu. Vilinuka iliki ya pilau niliyoipika mimi. "Nitazame ninaposema nawe," akasema. "Haya. Mjibu Bwana Abbas."

Nikamtazama. Nilikuwa nimeishi na mwanamke yule miezi mingi, na hapo ndipo nilipoyaona vizuri macho yake kwa mara ya kwanza: meupe yake yalikuwa na umanjano kidogo, jicho la kushoto lina mshipa mwekundu, na poda imejikusanya kwenye mkunjo chini ya kope. Mpaka leo naweza kuyachora. Lakini picha iliondoka. Sijui niielezeje kwa mtu ambaye hajapatwa na hili. Sikuwa nimesahau, nilijua iko, nilijua ilipo, lakini kuifikia nilitakiwa niende, na nilikuwa nimeshikwa kidevu.

"Mashine hizi vichwa vyote sawa," alisema Bwana Abbas, nyuma yake, sauti tu. "Tofauti inakuwa kwenye meza. Sema, binti, droo ngapi?"

"Mbili," nikasema.

"Upande gani?"

"Kulia."

"Vizuri. Vishikio vyake vya namna gani?"

Nilijaribu kugeuza macho tu, bila kichwa. Vidole vilikaza. "Hapa," alisema Mama Mkubwa, taratibu, kama anamwelekeza mtoto wa darasa la kwanza. "Kwangu." Nilitafuta kishikio ndani ya jicho lake. Niliona kishikio cha droo ya kabati la vikombe, nikaona cha mlango, nikaona cha birika. "Vya chuma," nikasema.

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili."

Bwana Abbas alifyonya. Nimejiuliza mara nyingi kama alifyonya kwa kunihurumia au kwa kuchoka. Mama Mkubwa aliniachia kidevu. "Nenda kalete chai," akasema, na hapohapo akafungua upindo wa khanga kutoa ufunguo.

Jiko la mkaa lilikuwa uani, mbele ya ukuta wa matofali usiopigwa lipu. Nilibandika birika, nikasimama nikitazama ukuta ule bila kuutazama. Kwanza likaja dirisha, juu kushoto. Halafu pazia. Macho yalishuka kwenye mkebe, kuku, kivuli, yakavuka kwenda kulia, na pale chini, juu ya tofali moja lililobanduka pembe, nikakiona kile kimti cha uzi kimepigiliwa msumari, safi, na alama ya jasho la kidole changu ikiwa kwenye kioo cha picha. Niliacha birika. Nilipita jikoni mbio, nikajikwaa kwenye kigoda, nikaingia sebuleni nikipiga kelele: "Droo ya chini kishikio chake ni kimti cha uzi! Kimepigiliwa msumari!"

Gunia lilikuwa limeshavuliwa. Mashine ilikuwa katikati ya sebule, na droo yake ya chini, kulia, ilikuwa na kimti cha uzi kilichopigiliwa msumari. Wote watatu walikitazama kimti kile, kisha wakanitazama mimi.

"Binti," alisema Bwana Abbas, na ukweli ni kwamba hakusema kwa ubaya, "sasa hata mie nasema hivyo. Kiko hapo. Nakiona."

"Lakini nimekikumbuka huko nje, kabla sijaingia!"

"Labda. Lakini uliulizwa, ukasema chuma." Akamgeukia Mjomba Elisante, akafungua viganja. Mjomba Elisante alikuwa anatazama viatu vyake. Yeye, ambaye dada yake marehemu, mama yangu, alimshonea sare ya shule kwa mashine ileile, alitazama viatu. Alipokufa naye nilimaliza kwanza kupiga pasi.

"Na chai iko wapi?" alisema Mama Mkubwa.

Niliondoka wiki ileile na begi lilelile. Mwanamke mmoja Kiwalani, fundi, aliniajiri kukunjia pindo nguo za wateja wake na kulala chini ya meza ya kukatia. Ndege za uwanja wa karibu zilikuwa zinapita juu ya bati, chini sana, kiasi kwamba ukizungumza unasimama katikati ya neno, unasubiri, unaendelea. Nilijifunza kazi kwenye mashine za wengine, na nilichelewa sana kupata yangu, na sitajifanya kwamba tabu ile ilinijenga. Ilinichelewesha tu. Nilichofanya kila siku, mguu kwenye pedali, ni kutoa ushahidi upya. Dirisha, pazia, mkebe, kuku, kivuli, droo, kishikio. Niliutoa mbele ya Bwana Abbas, mbele ya Mjomba Elisante, mbele ya Mungu, na sikukosea tena hata siku moja. Wateja wangu walidhani nasali. Na kila nilipomaliza nilijiuliza swali lile baya: kama ulikuwa unaijua namna hii, kwa nini siku ile ulisema chuma? Nilijijibu kwamba mimi ni mwoga. Nilijijibu kwamba mimi ni mjinga. Nimeishi na majibu hayo hadi nywele zikaota mvi.

Sasa nirudi msibani. Tulizika, tukala, watu wakapungua, tukabaki ndugu. Happy aliniita chumbani akafunga mlango. Amezeeka, ana macho ya mama yake ila yeye hakukodolei. "Dada," akasema, "ile mashine ipo. Mama hakuitumia hata siku moja, ilikaa na gunia lake mpaka leo. Ichukue. Naona haya hata kukwambia." Nilimuuliza picha iko wapi. "Mama aliitia kwenye jiko la mkaa, siku ileile aliyoishusha. Nilikuwepo. Nilikuwa mdogo, nikaogopa kusema." Sikumlaumu, katika nyumba ile kila mtu aliogopa kitu. Kuhusu mashine sikujifanya kukataa kwa heshima. Nilimwambia kesho naleta gari.

Jioni Lulu, binti yake Happy, alikuja kukaa na mimi sebuleni. Anasoma chuo, mambo ya akili za watu, na ni msichana ambaye hawezi kukaa na mtu bila kumfanyia majaribio. Huniita mamdogo kwa kuwa mama yangu alikuwa mdogo wa bibi yake. "Mamdogo, shikamoo. Nikufanyie mchezo?" Akanionyesha kwenye simu picha ya sokoni, akaniacha niitazame, akaiondoa, ikabaki skrini tupu. Akaanza kuniuliza: muuza nyanya alivaa rangi gani, baiskeli iliegemea wapi. Huku simu nyingine inanirekodi macho. Nilijibu vizuri. Halafu akanionyesha picha nyingine, na mara hii akasema, "Sasa nikikuuliza utazame hii nukta ya katikati tu, usihamishe macho." Nikatazama nukta. Nikaulizwa mtungi ulikuwa na rangi gani, na nikasikia kitu kinachofanana na vidole viwili chini ya kidevu.

"Unaona?" alisema Lulu, akinionyesha macho yangu mwenyewe kwenye simu. "Hapa picha haipo, lakini ukiulizwa baiskeli macho yanaenda pale ilipokuwa baiskeli. Watu wote tuko hivyo. Macho yanarudigi kwenye njia yaliyopita, ndiyo yanasaidia kukumbuka. Ukimzuia mtu asiyahamishe, vitu vinapungua. Siyo kwamba vimefutika, vinakuja kwa shida. Siyo mie niliyegundua, mamdogo, ni kitu kinachojulikana."

"Kinachojulikana na nani?"

"Na watu wa hayo mambo."

Nisingependa kusema nilifarijika, maana sikufarijika. Nilipandwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo hata siku ile. Udongo wa kaburi la Mama Mkubwa ulikuwa bado haujakauka, na mimi nilitamani kwenda kumfukua nimwambie: nilikuwa ninajua. Nilikuwa ninajua kila kitu, ulinishika tu kidevu. Kama alifanya makusudi alikuwa shetani, na kama hakujua alikuwa mwalimu mbaya. Na miaka yote hii mimi ndiye niliyekuwa najiita mjinga. Machozi ya hasira yalinitoka, Lulu akaogopa, akadhani amekosea. Nikamwambia hajakosea. Nikamsimulia yote ya bibi yake na mimi, bila kupunguza. Alisikiliza akitafuna kucha. Hakumtetea, na kwa hilo namheshimu.

Kisha akasema, "Mamdogo, hebu isimulie na hiyo picha. Ukuta si huuhuu? Tazama unakotaka. Nitarekodi."

Ukuta umepakwa rangi mara nyingi, mraba haupo tena. Lakini sikuuhitaji. Nilikaa kwenye kochi, nikatazama ninakotaka, na nikatoa ushahidi wangu wote katika sebule ileile nilikonyimwa kuutoa. Dirisha, pazia limevutwa nusu. Mkebe. Kuku nusu. Kivuli chenye viwiko. Mkono juu ya gurudumu, vitone vya gauni, droo ya juu chuma, droo ya chini kimti cha uzi. Sikusita popote. Nilipomaliza nilijisikia mrefu. Nilisema kwa sauti, "Haya, Bwana Abbas," na Lulu akacheka.

Akarudisha video akaitazama, kichwa amekiinamisha. Akairudisha tena. "Umefika kila mahali, mamdogo," akasema. "Kushoto, chini, huku kulia umekaa kweli. Ila hapa katikati juu hujapita hata mara moja. Unaruka. Kila ukifika karibu unashuka kwenye mashine. Hapa palikuwa na nini?"

"Hapo ndipo alipokuwa mama," nikasema. "Uso wake."

Nilijua ataniuliza, na nilitaka asiniulize, lakini ni mtoto wa chuo. "Ulikuwaje?"

Hakuna aliyeniuliza hilo kabla. Siku ile waliuliza droo, wakauliza vishikio, na mimi kwa miaka yote nikawajibu walichouliza. Nikainua macho taratibu, kutoka kwenye gurudumu, nikapita mkono, nikapita kola ya gauni la vitone, nikafika pale juu. Hakuna aliyenishika kidevu. Vijana waliingia kuhamisha makochi ili watandike magodoro ya wageni, nikawanyooshea kiganja wasubiri. Walisubiri. Lulu alizima simu. Nilitazama pale mpaka macho yakaniuma, na pale palikuwa na ukuta tu.